Shukrani kwa wote mliomchangia kijana wetu aende kambi

Ndugu, jamaa na marafiki, shalom, na Bwana asifiwe kwa wale wa kanisani kwa mama pale Tanga. Sisi wazazi na dada yake tunawashukuru nyote mliotuma michango kijana wetu akaenda kambi ya Kiyahudi huku Massachusetts. Tumerudi Jumapili, nguo zake bado sijafua, ila nimeona nisilale kabla sijawaandikia.

Hali yake mnaijua, ana usonji, maneno machache, anaongea kwa kadi za picha. Mwaka juzi kambi moja ilitupigia siku ya tatu tu, njooni mmchukue, anasumbua wenzake. Dada yake alilia njia nzima. Kwahiyo safari hii hata kuwaomba hela nilikuwa naogopa, nikijiuliza akirudishwa tena nitawaambia nini.

Kambi hii inafuata njia iliyofunguliwa 1970 na Herb Greenberg na mkewe Barbara, walimu, walioanzisha Tikvah, yani Tumaini, mpango wa watoto wenye ulemavu, kwenye kambi ya Kiyahudi ya Ramah pale Glen Spey, New York. Wakuu wengi wa kambi walikuwa wanahofia watoto wenye ulemavu watavuruga mambo, wao hawakukata tamaa. Sijawahi kuwaona kwa macho lakini nao nawashukuru.

Sabato ya mwisho wazazi tulialikwa tulale hukohuko. Ijumaa jioni mishumaa imewashwa, watu wamevaa nyeupe, ukumbi mzima unaimba huku wanapiga meza, na mimi macho kwa mtoto tu, nasubiri azibe masikio akimbie. Kumbe mlezi wake kashamvalisha hedifoni za kuzuia kelele, wamekaa karibu na mlango, wimbo ukipanda wanatoka, ukishuka wanarudi, na hakuna aliyegeuka kumshangaa. Tukamwekea mikono kichwani, Mungu akufanye kama Efraimu na Manase, baraka ya kila Ijumaa. Nyumbani huwa anachoropoka, siku hiyo alitulia mpaka tukamaliza.

Sasa Jumamosi usiku. Nyota tatu zikionekana Sabato imeisha, inaagwa kwa Havdala: divai, viungo vya kunusa, na mshumaa wa kusuka wenye tambi nyingi. Kijana wetu kapewa kile kikopo cha viungo azungushe. Ndani yake karafuu, tena zile za Pemba ambazo mama alitutumia mwezi wa nne, kijana mwenyewe alizibeba kwenye begi lake kwenda kambini. Basi akawa anamfikia mtu, anamwekea puani, haondoki mpaka huyo mtu avute pumzi kweli kweli. Nta inadondoka, watoto wadogo wanasinzia, duara lote lile linamsubiri yeye, hakuna aliyemwambia mwanangu fanya haraka. Alipofika kwangu nilivuta mara mbili maana machozi yalikuwa yamenibana. Alipomaliza akatoa kadi, TENA. Rabi akasema haya, tena, tukazungukiwa upya.

Kwahiyo asanteni sana. Asante mlezi uliyekaa naye mlangoni, shangazi uliyepiga simu kila Ijumaa, akina mama wa kikundi chetu cha Waswahili huku mliopika sambusa za kuuza kwenye mchango na mkakataa hata kurudishiwa hela ya mafuta, baba mkwe uliyemfundisha kushika mshumaa bila kuogopa, majirani mliotunza nyumba, na wewe uliyetuma shilingi elfu mbili kutoka Tanga ukaomba radhi kuwa ni kidogo, usiombe radhi, jina lako nimelisoma mezani kwa sauti. Hela imebaki kidogo, mweka hazina ataweka hesabu kwenye grupu, tungependa imfae mtoto mwingine mwakani kama mtaridhia.

Mama, karafuu zimekwisha. Amemaliza kuwanusisha watu wote hapa jengoni kwetu na kadi anaendelea kuitoa, tutumie nyingine.