Barua ya wazi kwa vijana mnaokusanya majina ya waliojenga kilimo cha Machakos

Wanangu na wajukuu wangu,

Nimesikia mmekaa kitako kukusanya majina ya watu waliojenga kilimo cha kaunti yetu, ili waheshimiwe Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba. Nimefurahi sana, na nawashukuru. Naishi kwenye vilima hivi tangu nilipoolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na muda wote huo nimeona wakulima wakiitwa uwanjani kusikiliza hotuba. Sijawaona wakiitwa mbele ya watu kwa sababu ya kazi ya mikono yao.

Nimesomewa pia ile orodha ya kwanza inayopita kwenye simu. Humo mna machifu, wabunge wa zamani, wenyeviti wa vyama vya ushirika na wakulima wachache wenye mashamba makubwa. Sisemi kwamba hao hawakufanya kitu. Nasema kwamba udongo wa Machakos haukuokolewa na mtu mmoja mmoja. Uliokolewa na makundi, na wengi katika makundi hayo walikuwa wanawake. Mkiwatafuta mashujaa kwa kuuliza nani alikuwa na cheo, hawa mtawakosa wote. Ndiyo sababu nawaandikia kabla orodha haijafungwa.

Mnajua tulivyosemwa. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba nchi yetu inakufa: vilima vimebaki vipara, makorongo yamekata kila mteremko, mifugo imemaliza nyasi. Sababu waliyoitoa ni Mkamba na wingi wa ng'ombe wake. Kwamba ardhi kubwa ya malisho ilikuwa imechukuliwa na walowezi na serikali, na watu na mifugo wakabanwa mahali padogo, hilo halikuwasumbua sana. Mwaka 1938 wakaanza kuchukua ng'ombe wa watu kwa nguvu na kuwauza.

Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba kupinga kuchukuliwa huko kwa ng'ombe, yumo kwenye orodha yenu, na anastahili. Lakini mmemwandika peke yake. Julai 1938 hakwenda Nairobi peke yake. Wanaume, wanawake na watoto walitoka vijijini, wakaenda kupiga kambi Kariokor, wakakaa huko wiki kadhaa wakidai kuonana na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini kampeni ile ya kupunguza mifugo kwa nguvu ilibidi isimamishwe. Leo barabara yenye jina lake iko katikati ya Nairobi. Waliolala naye chini pale Kariokor hawana hata kibao, na wahenga walishasema asiyekuwepo na lake halipo. Waandikeni. Kama majina hayapatikani yote, andikeni vijiji walikotoka, na chini ya kila kijiji wekeni majina ambayo familia zinayakumbuka.

Nimeanza na hao kwa makusudi. Watu walioambiwa kwamba wao ndio waharibifu wa ardhi ndio hao hao, wao na watoto wao, walioirudisha. Kuna picha za vilima vyetu zilizopigwa mwaka 1937, na watafiti walirudi mwaka 1991 wakasimama mahali pale pale wakapiga nyingine. Katika zile za zamani mnaona mteremko mtupu na makorongo. Katika zile za baadaye mnaona matuta yamepangana kutoka juu hadi bondeni, miti na mashamba yaliyopandwa. Na katika miaka hiyo kati ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano. Wengi walitarajia kwamba watu wakizidi hivyo udongo utakwisha kabisa. Haukwisha. Tafuteni picha hizo mzitundike siku ya sherehe, zitawafundisha watoto kuliko hotuba yoyote.

Sasa nani aliyachimba matuta hayo? Hapa naomba muwe waangalifu, maana hapa ndipo historia yetu hupotoshwa. Wakati wa mkoloni watu walilazimishwa kuchimba. Chifu aliamuru, na aliyekosa alitozwa faini au akafungwa. Kazi ile ilichukiwa, hata uhuru ulipokuja watu wengi waliyaacha matuta yabomoke, kwa sababu yalinuka utumwa. Kisha katika miaka ya 1970 tuliyarudia wenyewe. Ni kweli serikali ilisaidia, na Uswidi ilisaidia kuanzia 1974, tukapewa majembe na sepetu, na bwana shamba akaja kutuonyesha. Mabwana shamba waliotembea na sisi kwa miguu kwenye miteremko ile nao wapewe haki yao. Lakini mikono ilikuwa ya mwethya, yaani vikundi vya majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu, na safari hii hakuna chifu aliyetusukuma. Kwa hiyo mkiona mahali pameandikwa kwamba chifu fulani "alichimba matuta" ya lokesheni nzima, ulizeni mara ya pili.

Ninyi mliozaliwa mjini labda hamjaona mwethya ikifanya kazi. Tulikuwa tunazunguka, leo shamba la huyu, juma lijalo shamba la yule, na mjane na mgonjwa hawakurukwa. Waume wengi walikuwa Nairobi, Mombasa, jeshini au polisi. Walituma pesa, nao wasisahauliwe, ila shambani tulikuwa sisi. Kabla jembe halijainuliwa, mstari wa mtaro ulipimwa. Vijiti viwili vya urefu sawa, kamba kati yake, na pima maji ndogo, yenye povu la hewa ndani, imening'inizwa katikati ya kamba. Mmoja anasimamisha kijiti chake. Wa pili anapanda au kushuka mteremko hatua ndogo ndogo. Wa tatu amechutama katikati, jicho kwenye povu. Povu likitulia anasema "hapo", na kigingi kinapigwa. Huyo wa katikati akikosea, mtaro unainama upande mmoja, na mvua kubwa ya kwanza inakusanya maji yote pale na kufyeka matuta yote hadi bondeni. Wanawake wengi waliolitazama povu hilo hawakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Mimi nikiambiwa nitaje wahandisi wa Machakos, naanza na hao.

Baada ya hapo ndipo tukachimba, futi mbili kwenda chini, futi mbili upana, na udongo tukautupa upande wa juu. Kuutupa chini ni rahisi zaidi, kila mtu anajua. Lakini ukuta ulio upande wa juu ndio unaozuia udongo unaoteremka na mvua, na mwaka baada ya mwaka shamba lililo katikati ya kuta mbili linasawazika lenyewe. Juu ya ukuta tukapanda nyasi, mizizi ishike udongo na ng'ombe apate chakula. Fanya juu zetu, ndivyo mitaro hii inavyoitwa, zimekuja kuangaliwa na wageni kutoka nchi nyingi, na watoto wetu wanapita juu yake wakienda shule bila kujua nani alizichimba.

Mkitaka ushahidi, msiende kwenye ofisi peke yake. Tafuteni madaftari. Kila kikundi kilikuwa na daftari la mahudhurio, lenye majina upande mmoja na alama upande wa pili, na faini ya aliyekosa imeandikwa pembeni. Mengi yameliwa na mchwa, mengine yako chini ya magodoro ya waliokuwa makarani wa vikundi. Mkiyapata mtakutana na shida moja: tumeandikwa Mama Mutua, Mama Mwende, mke wa fulani. Msinakili hivyo. Mwanamke huyo ana jina alilopewa na wazazi wake. Nendeni nyumbani kwake mkamuulize, na kama amefariki, muulizeni binti yake. Kuna wenzangu waliofukuzwa, baada ya mume kufa, kwenye shamba walilolichimba wenyewe, kwa sababu hati ilikuwa na jina la mwanamume. Msiwafute mara ya pili.

Upande wa Yatta kuna deni lingine. Wakulima wa Matuu wanaomwagilia nyanya na mboga wanakunywa maji ya mfereji wa Yatta, ule unaotoka mto Thika na kwenda kama kilomita 60. Ulichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, na waliouchimba ni wafungwa wa Mau Mau. Wengi hawakuwa Wakamba, na hawakuja kwa hiari. Nawasihi msiseme kwamba hao ni wa kaunti nyingine. Jasho lao liko kwenye ardhi yetu, na anayevuna kwa maji yao anajua anakodaiwa.

Juu ya mbegu nitasema machache. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani kiko hapa kwetu, na mahindi yenye jina hilo, yanayokomaa mapema kabla mvua haijatukimbia, yameokoa nyumba nyingi tangu miaka ya 1960. Watafiti wale wapewe heshima. Lakini kabla yao na baada yao kulikuwa na wanawake waliochagua mbegu za mbaazi, kunde na mtama kila msimu, wakazihifadhi kwa majivu, na mwaka wa njaa wakawagawia majirani. Njaa ikipita hakuna aliyeuliza mbegu ilitoka wapi. Katika kila kijiji yupo mmoja kama huyo, na akina mama wote wa kijiji wanamjua. Waulizeni wao.

Jina moja la mwanamume nalitaka liwe juu kabisa, nalo ni la marehemu Joshua Mukusya. Mwaka 1978 yeye na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni, na kazi waliyoifanya ya mabwawa ya mchanga imenakiliwa mbali sana na hapa. Ukuta wa mawe na saruji unajengwa juu ya mwamba, kukingama mto wa msimu. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanabaki ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Wakati wa kiangazi mama anafukua kidogo tu, anachota. Hata Mukusya mwenyewe hakujenga peke yake. Mawe yalibebwa na kikundi. Muiteni yeye pamoja na kikundi chake.

Lakini hapa lazima niwaambie jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Huwezi kumtunuku mtu huyo nishani huku malori yakizoa mchanga wa mito yetu usiku na mchana kupeleka kwenye majengo ya Nairobi. Mchanga ukiondoka, maji yameondoka nao, na kisima cha mama kimekauka. Wengine wenye malori hayo nasikia wameahidi kuchangia sherehe yenu. Pesa hiyo msiipokee. Kama kamati haina ujasiri wa kusema neno moja juu ya mchanga siku hiyo, basi afadhali jina la Mukusya mliache kwa heshima.

Na kwa kuwa nimefika kwenye pesa: nafasi kwenye orodha isiuzwe, wala isigawanywe kwa vyama au koo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayekuja ofisini kwenu na wasifu wake ameushika mkononi, mwacheni asubiri, mwende kwanza kwa yule ambaye hajui hata kama kuna orodha. Bunge la kaunti mliombe lihifadhi majina haya na madaftari mahali pamoja panapofungwa vizuri, palipo wazi kwa watoto wa shule. Katiba ya 2010 ilikabidhi kilimo kwa kaunti, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja Nairobi iamue.

Fanyeni haraka. Tuna tabia ya kumsifu mtu akiwa ndani ya jeneza, wasifu wake unasomwa na mgeni aliyechelewa kufika. Wenzangu tuliochimba nao wengi hawapo, na waliobaki macho yamefifia na magoti yanauma. Wasisimamishwe juani kungoja mgeni wa heshima. Wawekeeni viti mbele, kivulini, na waitwe kwanza, kabla ya hotuba yoyote. Asiyeweza kufika, sherehe ndogo imfuate nyumbani kwake.

Kwa upande wangu, daftari la kikundi chetu ninalo. Limechanika jalada, lakini majina yanasomeka. Sitalipa mtu aondoke nalo. Njooni mlipige picha hapa hapa, ukurasa kwa ukurasa, nami nitawaambia nani ni nani na nani mtoto wake anaishi wapi. Njooni mwezi Septemba, kabla mvua za Oktoba hazijatuingiza shambani, na mje na viatu vya kutembea mlimani, kwa sababu tukimaliza daftari nataka mkaione mitaro yenyewe.

Nyanya yenu,
wa mwethya, vilimani Machakos