Uzio wa mpaka bila watu nyuma yake

Mhariri,

Tangu ukuta wa mpaka wa Kenya na Somalia utangazwe mwaka 2015, wapo wanaoshikilia kwamba hakuna ukuta uliowahi kumzuia adui, na wapo wanaoona seng'enge na handaki ndiyo dawa. Ningewaomba wote wautazame mpaka wa Algeria na Tunisia mwaka 1957. Pale kizuizi kilifanya kazi barabara, na waliokijenga bado walishindwa vita.

Wafaransa, waliokuwa wakiitawala Algeria, walikuwa wakipambana na wapiganaji wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria, waliokuwa na kambi na silaha Tunisia. Wakajenga Laini ya Morice, jina la waziri wao wa ulinzi, ikakamilika Septemba mwaka huo. Katikati ulipita uzio wa kimo cha mita 2.5 wenye umeme wa volti 5,000. Kila upande kulikuwa na ukanda wa mabomu ya kutegwa ardhini, upana wake kama mita 45. Umeme huo haukuwa wa kuua tu. Waya ulipokatwa, mitambo ilionyesha umekatwa wapi. Mizinga ikaelekezwa hapo, doria ikatoka kwa barabara iliyoandamana na uzio, na waliopenya wakasakwa na askari wa miamvuli walioletwa kwa helikopta. Uzio peke yake uliwachelewesha wapiganaji kwa muda mfupi mno. Kazi kubwa ilikuwa ya hao waliofika mapema.

FLN walijaribu kila njia: koleo zenye mipini isiyopitisha umeme, kuchimba chini ya waya, kuulipua, kukata sehemu kadhaa kwa mpigo ili kuvuruga walinzi, hata kuzungukia kusini jangwani. Mwishoni mwa Aprili 1958, karibu na Souk Ahras, wapiganaji wapatao 820 walijaribu kuvuka. Ndani ya wiki moja hivi, zaidi ya 600 walikuwa wameuawa au kutekwa.

Bei yake? Askari wapatao 80,000. Wakati huohuo madai ya uhuru yalikuwa ndani ya Algeria kwenyewe, na jeshi la FLN likazidi kujijenga Tunisia. Julai 1962 nchi ikawa huru. Mabomu yalibaki ardhini, na kuyaondoa kulichukua zaidi ya nusu karne.

Ukuta wa China ndio hutajwa zaidi, lakini kwa kawaida hutajwa vibaya. Mwaka 1550 Altan Khan, kiongozi wa Wamongolia aliyekuwa amenyimwa biashara na China kwa miaka mingi, alipenya karibu na Gubeikou akafika viungani mwa Beijing. Uvamizi wake ulikoma kwa mapatano ya 1571, Wamongolia waliporuhusiwa kuuza farasi katika masoko ya mpakani. Mwaka 1644, lango la ukuta huo la Shanhaiguan lilifunguliwa kutoka ndani na jenerali wa Ming, watawala wa China, Wu Sangui mwenyewe.

Kwa hiyo, kwa mpaka wetu wa karibu kilomita 700, wahusika watuambie: uzio ukikatwa usiku kilomita 40 kutoka Mandera mjini, nani atajua, kwa chombo gani, na atafika baada ya dakika ngapi? Askari wa lango watalipwa kiasi gani ili wasinunulike? Na wafanyabiashara wa Mandera na Bula Hawa ng'ambo ya mpaka, ambao soko lao ni moja, watavukia wapi kihalali?

Msomaji,
Nairobi