Minervali na ovaroli ya jirani yangu

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu anayewashauri wazazi wa Lubumbashi waache kuuza viwanja kwa ajili ya minervali, yaani ada ya chuo, kwa kuwa vijana wenye shahada wanaonekana wakiendesha pikipiki za abiria, huku rafiki zao walioacha masomo wakijenga nyumba kwa fedha za madini. La pikipiki ni kweli. Ninao wawili katika barabara yetu hapa Katuba. Lakini ndugu huyo amehesabu mfuko wa aliyesoma tu, akawasahau wanaoishi jirani naye.

Jirani yangu anachimba kobalti. Kila jioni alikuwa akiingia nyumbani na ovaroli iliyojaa vumbi, na mkewe aliiloweka katika beseni lile lile la nguo za mtoto mchanga. Binti yangu, wakati huo akisoma famasia mwaka wa tatu, alimwendea kwa heshima akamwomba awe anaivulia nje. Mzee alikasirika: mtoto wa juzi anamfundisha kazi yake! Binti hakubishana. Alirudi Jumapili, akamweleza kwamba mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha uchunguzi uliofanyika katika mji wetu huu, wakaonyesha kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za mwili ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo baba alifanya kazi za madini. Akaongeza kwamba uchunguzi huo haukueleza madhara hayo yanapitia njia gani, wala haukusema kwamba kila mtoto wa mchimbaji atadhurika. Nadhani kukiri huko ndiko kulikomlainisha mzee. Siku hizi ovaroli inatundikwa kwenye msumari nje, na ina beseni lake.

Binti huyo, kabla ya kuingia chuoni, alikuwa akipingwa analia (mama yake ni shahidi). Kutenganisha kinachojulikana na kisichojulikana, na kusema yote mawili mbele ya mtu mzima aliyekasirika, ni mali ambayo haimo katika hesabu ya mwenzangu.

Tena, wanunuzi wa madini wanapima shaba na kobalti kila siku, kwa sababu kipimo hicho kinawaletea fedha. Swali kuhusu watoto wetu liliulizwa kwa kuwa tuna chuo kikuu hapa hapa, kilichofunguliwa mwaka 1956. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika hata 30. Nani wakati huo angeuliza swali la namna hiyo?

Kwa hiyo, badala ya kuwaambia wazazi wawaondoe watoto chuoni, mwenzangu angetusaidia kudai minervali ihesabiwe kwa franka, maana sisi hatulipwi kwa dola.

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi