Risala ya Kikundi cha Akina Mama wa Kadutu, Bukavu, kwa Mgeni wa Heshima Siku ya Wazee

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Daktari Mkuu wa Eneo letu la Afya. Wazee wetu mlioketi mbele. Akina mama wenzangu.

Jambo! Asante kwa kupanda mlima wetu na matope ya leo, tuiadhimishe pamoja 1 Oktoba.

Mheshimiwa, kikundi hiki kilizaliwa na sahani moja. Tulikwenda kumwona bibi aliyekuwa akipotea njia akitoka sokoni. Majirani walishaanza kunong'ona kwamba ni mchawi. Mbele yake tulikuta bugali mkavu wa muhogo na chai ya rangi. Meno hana, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wamepewa watoto. "Mzee hali sana," tuliambiwa, na aliyesema hakuwa na ubaya wowote.

Muuguzi ndiye aliyetufungua macho. Mwili ukizeeka, tumbo hunyonya kwa shida vitamini B12. Haimo katika muhogo wala sombe, yaani majani yake. Imo katika samaki, mayai, nyama na maziwa. Ikipungua kwa muda mrefu damu hudhoofika, miguu hufa ganzi, kumbukumbu huyumba. Ikigunduliwa mapema, sindano au vidonge vinaweza kusaidia. Kumbe bibi wa watu alihitaji kupimwa, naye alikuwa akisengenywa!

Tangu siku hiyo tunaanika sambaza wa Kivu, tunawatwanga wazima, kichwa na miiba, na unga wake tunautia katika sombe au uji. Asiye na meno anakula. Maharagi tunayaponda, avoka inalika kwa kijiko. Chumvi tumeipunguza, kwa kuwa presha huharibu mishipa midogo ya ubongo. Hapo wazee bado wanatulalamikia, na tunawaelewa.

Hatudai kwamba chakula peke yake kinatosha. Huko Ufini, utafiti wa FINGER wa watu 1,260 wenye miaka 60 hadi 77, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha akili zikinufaika pale lishe ilipokwenda pamoja na mazoezi, kuchangamsha ubongo na kufuatilia presha. Jaribio la Marekani la mwaka 2023, lililopima lishe kwa miaka 3, halikupata tofauti ya maana ya akili kati ya waliokula lishe maalumu na wenzao wa kulinganishwa nao. Ndiyo sababu Jumamosi wazee wetu hutembea pamoja, kisha huwasimulia wajukuu hadithi kwa Mashi, lugha yetu ya hapa.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, mashine ya kupimia presha, na muuguzi wa kutufikia kila mwezi. Pili, mzee anayeanza kusahau apimwe damu kabla mtu yeyote hajampa jina baya.

Bibi yule ameturuhusu tumtaje. Yupo mstari wa kwanza, kitenge cha kijani. Njia ya soko bado anasindikizwa, lakini sambaza mtakaokula leo amewatwanga yeye.

Naomba kuwasilisha.