Harambee ya shimo la pili

Kwa jamaa, majirani na marafiki wa kikundi chetu cha akina mama, Mji wa Kale, Mombasa.

Salamu nyingi. Tunakuja kwenu na kadi za mchango kwa ajili ya kijiji kimoja cha India, na swali la kwanza tunalijua, kwa maana limeshaulizwa barazani hata kabla kadi hazijachapwa: "Chombo cha Wahindi kimetua mwezini mwaka 2023, leo sisi tuwachangie vyoo?" Swali la haki, na anayeuliza tunamshukuru kwa kusema mbele ya watu, si pembeni.

Jibu ni kwamba hatuchangi vyoo. Vyoo vipo. Tarehe 2 Oktoba 2014, siku ya kuzaliwa Gandhi, serikali ya India ilianzisha kampeni ya Swachh Bharat, yaani India Safi, na katika miaka mitano vikajengwa vyoo zaidi ya milioni 100 vijijini. Kaya iliyostahili ilipewa rupia 12,000, karibu shilingi 18,000 zetu. Kijiji tunachowaombea, huko Kutch, jimbo la Gujarat, kilipata vyake. Kwenye ukuta wa panchayat, ndiyo baraza la kijiji, imechorwa miwani ya Gandhi, nembo ya kampeni. Rangi imeanza kubambuka.

Mimi ninayeandika kwa niaba ya kikundi nilikwenda huko mwezi wa pili kwa harusi ya binamu yangu. Asubuhi ya kwanza nikauliza msala uko wapi. Nikapewa kopo la maji na kuelekezwa vichakani, kwenye mathenge, ile miti ya miiba. Ndiyo, mathenge hiyohiyo inayowatesa watu wa Baringo, Kutch imetapakaa kila upande. Nikasema, na hiki kijumba cha bluu hapa uani je? Wakatazamana. Nikafungua mlango mwenyewe. Majani makavu ya ng'ombe yamejaa hadi juu, baiskeli ya mtoto haina gurudumu la mbele, gunia la mbarika, na chini kabisa sinki la choo, karatasi ya kiwandani bado haijabanduliwa.

Nyanya wa nyumba ile, wanayemwita Ba, hakuona haya wala hakuficha. Alinijibu kwa swali: "Shimo ni moja. Likijaa, nani atalitapisha?"

Hapo ndipo penye fundo, na naomba mnivumilie niseme kidogo, kwa sababu pesa zenu zitakwenda hapohapo. Kazi ya kutapisha vyoo India ilitupiwa watu wa matabaka ya chini kabisa, yale mtu anayorithi kwa kuzaliwa, tangu enzi, watu ambao wengine hawakukubali hata kunywa maji kutoka mikononi mwao. Sheria ya mwaka 1993, na nyingine kali zaidi ya 2013, zinakataza kumwajiri mtu aondoe kinyesi kwa mikono. Watoto wengi wa watu wale wameikataa kazi ile, na wamefanya vyema. Lakini jirani wa tabaka jingine hayuko tayari kuigusa, kwa hiyo kila kaya inapiga hesabu: tukikitumia choo kila siku, shimo litajaa, na likijaa ni balaa. Bora kiwekewe mgeni, mgonjwa, au mkwe mwenye mimba usiku. Waliobaki porini. Wanaume huenda jua likiwa juu na kusimulizana habari njiani. Wanawake husubiri giza, alfajiri au baada ya magharibi, na mchana kutwa wanakunywa maji kidogo ili wasibanwe.

Dawa ya fundo hili ilishapatikana India yenyewe. Bindeshwar Pathak, mtu wa Bihar aliyeanzisha shirika la Sulabh mwaka 1970 na kufariki 2023, alieneza choo cha mashimo mawili. Mashimo yenyewe ni mafupi, kina cha kama kimo cha mtoto wa shule, yameachana mita moja. Matofali yake huachiwa matundu ili maji yanywewe na ardhi, na chini hakusakafiwi. Kati ya sinki na mashimo kuna kijisanduku chenye njia mbili kama herufi Y. Upande mmoja unazibwa kwa tofali, mwingine unafanya kazi. Shimo la kwanza likijaa, baada ya miaka mitatu hivi kwa familia ya kawaida, unahamisha tofali. Lile lililojaa linalala miaka miwili. Ukija kulifunua unakuta udongo mkavu usionuka, wa kutia shambani, na unaweza kuuchota mwenyewe kwa jembe bila kumwita mtu wa tabaka lolote. Nimeuona katika kijiji cha jirani. Nimeushika. (Binamu yangu hakunipa mkono siku nzima.)

Kwa hiyo tunachanga shimo la pili. Nyumba 38 zina choo cha shimo moja na zimekubali kuchimba wenyewe. Sisi tunatoa matofali, kijisanduku, bomba na fundi. Kila shimo shilingi 9,000. Na tumeweka sharti: choo kiwe kimeshatolewa majani na baiskeli kabla fundi hajafika.

La pili ni shule ya msingi ya kijiji. Ina vyoo vya wasichana na vya wavulana, milango ipo, maji hakuna. Bomba liko nje ya geti na hutoa maji saa moja asubuhi, kabla ya watoto kufika. Tunataka tangi la kuhifadhia na bomba sita zenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, zipange foleni nje karibu na jiko, kwa kuwa shule za serikali huko huwapa watoto chakula cha mchana na wote hula kwa mkono.

Sabuni ina kisa chake. Mwalimu mkuu aliwahi kuweka vipande vya sabuni dirishani, vikatoweka, watoto wakachapwa kwa wizi. Kumbe ni kunguru! Kunguru wa kijivu shingoni, hawa hawa wetu, waliopelekwa Unguja miaka ya 1890 ati wakasafishe taka. Sasa sabuni inatiwa kwenye kijifuko cha wavu na kufungwa kwenye bomba. Kunguru ameshindwa, ila sabuni yenyewe huisha katikati ya mwezi na hakuna fungu la kununulia nyingine.

Akina mama wa kijiji tulikaa nao jioni mbili. Wananawa mikono wakitoka haja, lakini wengi kwa maji matupu au kwa mchanga, kisha wanakaa kukanda mkate wa mawele, ule unaopigwapigwa kati ya viganja viwili. Na mavi ya mtoto mchanga hawayahesabu kuwa uchafu. Yanatupwa nyuma ya nyumba. Tusiwacheke, hata huku kwetu mtu husema "ni ya mtoto, hayana neno." Yana neno. Nzi habagui. Mhudumu wa afya wa kijiji amekubali kupita nyumba kwa nyumba kulisema hilo, na kuwakalisha wanaume pia, maana choo kikitumiwa na wanawake peke yao na wanaume wakaendelea na matembezi yao ya mchana, kijiji kitakuwa kimesafishwa nusu.

Hesabu yenyewe: mashimo 38 ni shilingi 342,000. Tangi, bomba na ufundi shuleni 210,000. Sabuni ya mwaka mzima kwa shule 48,000. Jumla 600,000, yaani laki sita, na neno laki lenyewe lilitoka huko huko India. Wanachama tumeshatoa 87,000.

Mmeuliza pia kwa nini tusitume pesa moja kwa moja kwa binamu yangu. Kwa sababu hatutaki, na kwa sababu kazi ya jumuiya ina sheria yake. Kwa sheria ya India ya mwaka 2010, taasisi inayopokea michango ya nje kwa kazi kama hii lazima iwe imesajiliwa, au imepata kibali cha serikali, kwa shughuli hiyo. Tangu marekebisho ya 2020, pesa huingilia akaunti ya State Bank of India tawi kuu la New Delhi, anayepokea haruhusiwi kumpa mwingine, na gharama za ofisi hazivuki asilimia 20. Tumepata taasisi ya Bhuj, mji wa huko Kutch, yenye usajili na mafundi wake. Risiti zake zitabandikwa ukumbini kwetu, pamoja na picha ya kila shimo, likiwa wazi.

Kwa wale wanaosema, je, shida za vyoo vya Mombasa zimekwisha: mwaka jana kadi zetu zilikuwa za vyoo vya shule ya msingi hapa mtaani, na mwakani tutarudi huko, inshallah. Lakini kijijini kuna birika la kunyweshea mifugo, la mawe, na ubavuni limechongwa kwa herufi za Kigujarati neno moja tulilolisoma mara mbili: Mombasa. Hakuna anayekumbuka nani alilijenga. Babu zetu walishuka na majahazi ya Mandvi, bandari ya Kutch, wakauza dukani, wakapeleka chochote nyumbani. Ng'ombe bado wanakunywa pale. Nilipomwomba mtoto "fagio" katikati ya Kikachi changu, lugha ya Kutch, watoto wakacheka, Ba akawakemea: "Ndivyo babu alivyokuwa akisema."

Harambee ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, ukumbi wetu uleule, kuanzia saa kumi alasiri. Viazi karai, bhajia, mahamri na mikate ya mawele ya kuonja vitauzwa, faida yote ni ya mashimo. Anayetaka kulipia shimo zima atapewa jina la nyumba yake na picha. Mwenye shilingi mia apite vivyo hivyo, sabuni ni vipande vipande. Asiyeweza kufika, namba ya M-Pesa iko nyuma ya kadi. Andika jina lako, ili mweka hazina wetu asisumbuke kumtafuta "Mama Ali" kati ya akina Mama Ali kumi na mmoja.