Madaraja ya Kagera yapimwe upya, kuanzia kwenye miguu ya nguzo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme kuhusu madaraja ya mkoa wetu wa Kagera. Nimekuwa fundi nondo tangu ujana wangu hadi kustaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa madaraja na makalavati.

Tetemeko la Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17. Nyumba nyingi zilibomoka, na shule za Ihungo na Nyakato ikabidi zijengwe upya. Mitaani tulijadili sana tofali za udongo na nyumba zisizo na lenta. Madaraja hayakutajwa, kwa kuwa yalibaki yamesimama.

Kusimama si ushahidi wa uzima. Kila masika maji huchimba udongo kwenye miguu ya nguzo. Nguzo iliyofukiwa mita tano ikibakiwa na tatu, hiyo si nguzo ile mhandisi aliyoipigia hesabu, hata kama kingo za daraja zimepakwa rangi mpya. Zege nalo likipata ufa, unyevu hupenya. Mara nyingi kutu hutangulia kwenye ringi, yaani nondo zinazozungushwa kuzifunga nondo za wima, kwa sababu ndizo nyembamba na ndizo zilizo karibu na uso wa zege. Na ringi ndizo zinazoizuia nguzo isipasuke inaposukumwa ubavuni! Lori la mafuta hukandamiza daraja kwenda chini, ila tetemeko hulisukuma pembeni. Kwa hiyo daraja laweza kupitisha malori miaka 40 bila tatizo lolote huku ringi zake zikiliwa taratibu.

Wajapani waliyaona haya katika tetemeko la Kobe, Januari 17, 1995. Barabara ya juu ya Hanshin ililala ubavu kwa urefu wa mita 635. Nguzo zake zilikuwa za miaka ya 1960, na ringi zilizofungwa zama hizo zilikuwa chache mno kwa mtikisiko ule. Baada ya hapo nguzo nyingi za zamani nchini humo zilivikwa mabati mazito ya chuma.

Wapo watakaosema Japani ni mbali. Basi tutazame Rukwa, Desemba 1910: tetemeko la 7.4, wakati ambapo madaraja ya zege ya kubomoka hayakuwepo kule. Leo yapo, na juu yake hupita magari ya wagonjwa. Sisi wa Missenyi tunajua kukatikiwa na daraja ni nini, tangu askari wa Idi Amin walipolipua lile la Kyaka mwaka 1978.

Ninaloomba kwa TANROADS na TARURA, wakala za serikali za barabara, linawezekana. Kila masika yakiisha, kina cha udongo kwenye miguu ya nguzo kipimwe. Kwenye madaraja ya zamani, zege la juu litobolewe kidogo ringi zionekane, kisha palipotobolewa pazibwe. Ncha za mihimili zikaguliwe kama zimekalia nguzo kwa upana wa kutosha, maana mhimili ukiteleza tu, daraja limekwenda. Michoro nayo itunzwe. Nimewahi kukarabati daraja ambalo mchoro wake ulikuwa umepotea, tukawa tunabahatisha nondo ziko wapi.

Majibu ya vipimo yabandikwe kwenye ofisi ya kata, daraja kwa daraja, pamoja na mwaka lilipojengwa na tarehe ya ukaguzi.

Fundi nondo mstaafu,
Kyaka, Missenyi