Asante, fundi uliyelitoa bomba letu mtaroni

Fundi, uliondoka bila kutuachia jina, basi tunakushukuru hapa hadharani, wakazi wa Vingunguti, Dar es Salaam, tunaochota kwenye gati lile, bomba la jumuiya la kuchotea maji. Maji yalipochafuka, watu walilaumu maji ya chanzoni. Wewe ulitazama mtaroni, bomba la inchi moja lilipozama kwenye majitaka, maungio yamefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mgao ukikatika, presha hushuka na bomba hufyonza uchafu kupitia ufa uleule uliokuwa ukivujisha maji.

Ulilihamishia ukingoni, ukalifukia, ukaweka koneta za kukaza, yaani viungio vya bomba. Asante zaidi kwa kuwafundisha vijana: kata bomba sawasawa, si mshazari, lainisha ncha kwa kisu, tanguliza nati, kisha pete, sukuma mpaka ligote, ndipo ukaze. Ncha ya mshazari hukwaruza mpira wa ndani, na kuvuja huanza upya.

Hukuishia hapo, na wengi huishia hapo. Ulifungua ncha ya mwisho mpaka maji yakatoka maangavu, ukapima klorini, dawa ya kuua vijidudu, iliyobaki majini: isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Sasa tunapima kila mgao unaporudi, kabla ya ndoo ya kwanza. Mungu akuzidishie, fundi.